Anakula Lakini Anakonda: Tezi ya Shingo na Hamu ya Kula

Uwe Likoni, Mtongwe, Kisauni, Bamburi, Changamwe au Miritini, karibu tuzungumze. Kama uko jikoni unakaanga mahamri, endelea, lakini punguza moto kidogo unisikilize. Kama una mtoto kifuani, mwache anyonye. Mada ya leo haikuzuii kufanya kazi yako.

Leo tunazungumza juu ya njaa na shibe. Kwa nini mtu mmoja anakula sahani mbili na bado anakonda, na mwengine anadonoa chakula kama ndege lakini mwili unazidi kujaa? Mara nyingi tunasema ni mambo ya riziki, ni damu yake, au ni mawazo. Wakati mwengine ni kweli. Lakini wakati mwengine sababu iko hapa shingoni, katika tezi ndogo ambayo wengi wetu hatujawahi kuifikiria.

Nianze na kisa.

Siku moja alikuja kliniki mama mmoja wa upande wa Kisauni. Alimleta mwanawe wa miezi 7 kupimwa uzito. Mtoto alikuwa mzima, amenona, anacheka. Mama ndiye aliyenitia wasiwasi. Dera lilikuwa linamning'inia mabegani kama limetundikwa kwenye msumari. Nilimuuliza, "Mama, wewe unakula?" Akanijibu, "Sista, mimi nakula kuliko bwanangu. Usiku naamka kutafuta mkate. Lakini nguo zote zimenishinda."

Akanieleza kwamba majirani walikuwa wameanza kumhesabia siku. Alikuwa amepimwa virusi vya ukimwi mara mbili, hana. Alipimwa kifua kikuu, hana. Mavyaa yake alisema ni jini, wakampeleka kusomewa. Dukani aliuziwa vidonge vya kuongeza hamu ya kula. Hebu fikiria, mama anayekula chakula cha watu watatu anapewa dawa ya kumwongezea njaa!

Nilimwomba anyooshe mikono mbele, vidole vikiwa wazi, nikaweka karatasi juu yake. Ile karatasi ilitetemeka kama jani la mkoko kwenye upepo. Nikamshika mkono kuhesabu mapigo ya moyo. Alikuwa ameketi, ametulia, na moyo ulikuwa ukipiga zaidi ya mara 120 kwa dakika. Nikamwambia ameze mate huku nikimtazama shingo. Chini ya koromeo palikuwa na uvimbe mpana, laini, uliopanda na kushuka alipomeza. Nikamwandikia barua ya rufaa akapimwe damu. Majibu yalionyesha tezi yake ya shingo ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi.

Mama yule hakuwa na jini wala mkosi. Alikuwa na ugonjwa wenye jina, wenye kipimo na wenye dawa. Mwisho wa mazungumzo nitakuambia alivyoendelea. Kwanza tuijue tezi yenyewe.

TEZI YA SHINGO NI NINI?

Weka kidole chako katikati ya shingo, upande wa mbele. Shuka kidogo chini ya koromeo. Hapo ndipo ilipo tezi ya thairoidi. Ina mabawa mawili kama kipepeo, na kwa mtu mzima mwenye afya ni ndogo, haionekani kwa macho.

Kazi yake ni kutengeneza homoni. Homoni ni kama tarishi: inatoka sehemu moja ya mwili, inasafiri kwenye damu, inapeleka amri sehemu nyengine. Homoni kubwa ya tezi hii huitwa thairoksini. Amri yake ni hii: mwili uchome chakula kwa kasi gani.

Fananisha mwili wako na jiko la makaa. Chakula ndicho makaa, na tezi ya shingo ndiyo mkono unaopepea. Ukipepea kwa nguvu, moto unawaka sana, sufuria inafurika na makaa yanakwisha mara moja. Ukiacha kupepea, moto unafifia, chakula hakiivi na makaa yanabaki. Ndiyo sababu mtu mwenye tezi inayozidi husikia joto, hutoka jasho, moyo hukimbia na mwili hukonda. Na mwenye tezi iliyolegea husikia baridi hata mwezi wa Februari hapa Mombasa, huchoka, hulala sana na moyo huenda polepole.

Lakini tezi haijiamulii yenyewe. Chini ya ubongo kuna tezi nyengine ndogo kama punje ya mbaazi, inaitwa pituitari. Hiyo ndiyo msimamizi. Ikiona thairoksini imepungua, inapiga kelele kwa homoni yake, "Fanya kazi!" Ikiona imezidi, inanyamaza. Kelele hiyo ndiyo tunayoipima kwa damu, na kwenye karatasi ya maabara utaiona imeandikwa TSH. Kwa kawaida, TSH ikiwa juu sana, maana yake tezi imelegea na msimamizi anaipigia kelele. Ikiwa chini sana, tezi imezidi na msimamizi amenyamaza.

NJAA INATOKA WAPI?

Sasa tuje kwenye njaa. Zamani tulifundishwa kwamba njaa ni tumbo tupu basi. Leo tunajua kwamba njaa ni mazungumzo kati ya tumbo, mafuta ya mwili na ubongo.

Mwaka 1999 wataalamu wa Japani walieleza homoni inayotoka tumboni, inaitwa grelini. Tumbo likiwa tupu, grelini hupanda na kuuambia ubongo, "Saa ya kula imefika." Ukishakula, inashuka. Miaka 5 kabla ya hapo, yaani 1994, wataalamu wa New York, Marekani, waligundua homoni nyengine, leptini. Hii hutoka kwenye mafuta ya mwili. Ni kama karani wa ghala. Mafuta yakiwapo ya kutosha, leptini inauambia ubongo, "Ghala lina akiba, usihangaike." Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo unaingiwa na hofu.

Ubongo ukiingiwa na hofu hiyo hufanya mambo mawili. La kwanza, unaleta njaa. La pili ndilo linalotuhusu leo: unamwambia msimamizi wa tezi ya shingo apunguze kelele. Tezi inapunguza kupepea. Moto unafifia. Mwili unaanza kutumia akiba kidogo kidogo, kama mama anayepima unga kwa kikombe akiona mwezi haujaisha na bwana hajalipwa. Mwaka 1996 wataalamu wa Boston walifanya jaribio kwa panya. Panya walipofungishwa njaa, homoni za tezi zilishuka. Lakini waliofungishwa njaa na kupewa sindano za leptini, homoni hazikushuka sana. Basi ikajulikana kwamba karani wa ghala na mpepeaji wa jiko wanawasiliana.

Na mawasiliano hayo yanakwenda pande zote mbili. Tezi ikizidi kufanya kazi, mwili unachoma chakula kwa kasi, na thairoksini iliyozidi hugusa hata zile sehemu za ubongo zinazoamsha hamu ya kula. Ndiyo sababu mama yule aliamka usiku kutafuta mkate. La kushangaza ni kwamba tafiti kadhaa zimeona grelini ya tumboni iko chini kwa wagonjwa wa aina hii, na hupanda tena baada ya matibabu. Yaani njaa yao haitoki tumboni. Inatoka kwenye jiko linalowaka kupita kiasi. Kwa hivyo kumlisha tu hakumtibu, na kumpa vidonge vya hamu ya kula hakumtibu. Ni lazima moto upunguzwe.

TEZI IKIZIDI, TEZI IKILEGEA

Mama, jiangalie wewe mwenyewe, mwangalie na dada yako au mama yako mzazi. Tezi ikizidi utaona dalili hizi:

– Anakula vizuri au anakula sana, lakini anakonda.
– Moyo unakwenda mbio hata akiwa ameketi.
– Mikono inatetemeka, jasho linamtoka, hawezi joto.
– Hapati usingizi, hasira ziko karibu, machozi yako karibu.
– Anakwenda choo mara nyingi, hedhi inapungua au kuvurugika.
– Wengine macho hutokeza nje kana kwamba wameshtuka.

Tezi ikilegea, mambo hugeuka:

– Hamu ya kula inapungua, lakini uzito unapanda kidogo.
– Uchovu usioisha hata akilala.
– Anasikia baridi, ngozi inakauka, nywele zinanyonyoka.
– Choo kinafunga, sauti inakwaruza, uso unavimba asubuhi.
– Hedhi inakuwa nzito, au mimba inachelewa kuingia.
– Anasahau sana na moyo unakuwa mzito kwa huzuni.

Hapa nataka kusema ukweli hata kama hautafurahisha. Si kila unene ni tezi. Tezi iliyolegea kwa kawaida huongeza kilo chache tu, kama 2 hadi 5, na sehemu kubwa yake ni maji na chumvi mwilini. Mtu aliyeongezeka kilo 20 ana sababu nyengine pia: soda, vitu vya kukaangwa, kukaa kitako siku nzima. Usimeze dawa ya tezi ili upungue. Ukiimeza bila ugonjwa, moyo unaweza kuharibika mapigo na mifupa ikawa dhaifu.

Vilevile si kila kukonda ni tezi. Anayekula na kukonda apimwe sukari pia, hasa kama ana kiu na anakojoa sana. Apimwe kifua kikuu kama anakohoa wiki 2 au zaidi. Apimwe virusi vya ukimwi, kwani dawa zipo na watu wanaishi. Mimi nasema tu kwamba hayo yote yakitoka safi, msikate tamaa mkarudi nyumbani. Ulizeni juu ya tezi.

BAADA YA KUJIFUNGUA

Kina mama, hii ni yenu. Katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, tezi ya shingo inaweza kuvurugika. Inakadiriwa kwamba huwapata kina mama kama 5 katika kila 100. Kinga ya mwili, ambayo ilitulia wakati wa mimba, inaamka na kuishambulia tezi. Miezi ya mwanzo tezi inamwaga homoni iliyokuwa imehifadhi: mama anakonda, moyo unakimbia, hana utulivu. Baadaye inalegea: mama anachoka, anahuzunika, maziwa yanapungua. Wengi hupona wenyewe baada ya miezi kadhaa, lakini wengine hubaki na tezi iliyolegea na huhitaji dawa ya kila siku.

Nyumbani tunasema nini? "Mtoto anamnyonya sana." "Amekuwa mvivu tangu azae." "Hakukaa arubaini vizuri." Mavyaa, mama mzazi, wifi, shangazi, nawaomba. Mkimwona mzazi hivyo, msimlaumu. Mchukueni kliniki siku anayompeleka mtoto chanjo. Muuguzi akimaliza kumpima mtoto, mwambieni, "Na huyu mama pia, hebu mtazame."

MTOTO MCHANGA ASIYETAKA KUNYONYA

Kuna watoto wanaozaliwa bila tezi, au tezi yao haifanyi kazi. Duniani ni mtoto 1 kati ya 2000 hadi 4000. Ni wachache, lakini kila mmoja ana ubongo wa kuokolewa. Thairoksini ndiyo inayojenga ubongo wa mtoto. Ikikosekana miezi ya kwanza, akili inadumaa na hairudi tena.

Mtoto huyu mara nyingi anasifiwa. "Mtoto mpole, halii, analala tu." Anahitaji kuamshwa ili anyonye, na akinyonya anachoka upesi. Umanjano wa macho unapita wiki 2 bila kuisha. Choo kinafunga. Sauti ya kilio ni nzito. Ulimi ni mkubwa, kitovu kimetokeza, mwili ni baridi na umelegea.

Katika nchi nyingi za Ulaya kila mtoto hutobolewa kisigino siku za kwanza na damu yake hupimwa. Hapa kwetu kipimo hicho si desturi ya kila kliniki. Kwa hivyo, jicho lako mama ndilo la kwanza. Ukiona dalili hizo, usingoje arubaini iishe. Mpeleke hospitali na useme wazi, "Naomba tezi yake ipimwe." Akianza dawa ndani ya wiki 2 za kwanza, wengi hukua na akili sawa na watoto wengine. Ni kidonge kidogo kinachosagwa na kuchanganywa na maziwa yako kidogo kwenye kijiko.

MTOTO ALIYEDHOOFIKA NA KUKATAA CHAKULA

Sasa tumwangalie mtoto aliyekosa chakula cha kutosha kwa muda mrefu, au aliyeandamwa na kuhara na homa. Mama anasema, "Sista, simnyimi, hataki mwenyewe." Ni kweli, hataki. Ghala lake limekwisha, leptini imeshuka, homoni za tezi zimeshuka, jiko limepoa. Maambukizi nayo yanamfungia hamu ya kula.

Jiko lililopoa huliwashi kwa kulijazia magogo. Mtoto huyo ukimlazimisha sahani kubwa, moyo na ini vinaweza kushindwa. Ndiyo maana kliniki tunampima mzunguko wa mkono kwa ule utepe wa rangi. Mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, ni nyekundu, ni hatari. Halafu tunampa chakula cha dawa, ile siagi ya njugu ya pakiti, tuone kama atakila. Tunapima hamu ya kula. Akila vizuri na hana ugonjwa mwengine, anatibiwa akiwa nyumbani. Akikataa, analazwa, anaanza na maziwa maalumu kidogo kidogo, mchana na usiku. Hamu ya kula ikirudi, tunafurahi, kwani ni dalili kwamba mwili unaamka. Homoni za tezi hupanda zenyewe kadiri anavyolishwa. Mtoto huyu hahitaji dawa ya tezi, anahitaji lishe na matibabu.

Kwa hivyo usiuze wala usigawe zile pakiti kwa watoto wengine. Kwa mtoto wako ni dawa.

CHUMVI, SAMAKI NA MUHOGO

Tezi inatengeneza thairoksini kwa kutumia madini ya aidini, wengine huyaita madini joto. Yakikosekana, msimamizi anapiga kelele usiku na mchana, na tezi inavimba kwa kujitahidi. Uvimbe huo ndio goita, Kiswahili cha zamani ni rovu.

Watu wa Pwani husema, "Sisi tuna bahari, hatuna shida." Samaki ni kweli wana aidini, basi ukipata changu, tafi au hata dagaa, mpe mtoto. Lakini chumvi ya bahari ikiwa haijatiwa aidini, ina kidogo sana. Mashamba makubwa ya chumvi yako hapa hapa kwetu, Gongoni na Marereni kaunti ya Kilifi, na kuna watu wanaoletewa chumvi ghafi kwenye gunia kwa sababu ni rahisi. Sheria ya Kenya tangu mwaka 1978 inataka chumvi ya kupikia itiwe aidini. Nunua iliyo kwenye pakiti na imeandikwa kwamba ina aidini. Iweke kwenye chombo kilichofunikwa, mbali na moto, jua na maji. Itie chakula kikiwa karibu kuiva.

Usizidishe lakini. Jumla ya chumvi kwa mtu mzima kwa siku isipite gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyo kwenye mkate na kachri. Chumvi nyingi inapandisha presha, na aidini ikizidi mno nayo huvuruga tezi.

Na muhogo? Nitawapa mfano wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo. Miaka ya 1960 na 1970 wataalamu walikuta goita nyingi sana kaskazini ya kisiwa kuliko kusini-magharibi, ijapokuwa pande zote mbili aidini ilikuwa haba. Tofauti kubwa ilikuwa muhogo. Kaskazini ndiko ulikoliwa zaidi. Muhogo una sumu ambayo mwilini hugeuka kitu kinachoizuia tezi kuchukua aidini.

Je, tuache muhogo wa nazi? Hapana! Menya vizuri, usile mbichi wala mchungu, roweka au kausha kama ni wa unga, chemsha uive. Kula na samaki na utumie chumvi yenye aidini. Kabichi na sukuma wiki zilizopikwa nazo hazina shida kwa anayepata aidini ya kutosha. Shida huanza pale muhogo unapokuwa chakula cha kila siku na aidini haipo.

VIDONGE VYA KUNENEPA NA KUKONDA

Hapa nasema kwa uchungu. Kuna vidonge vinavyouzwa kwa kunong'onezana, vya kunenepesha makalio na mashavu. Vingi ni saiproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi, na deksamethasoni, dawa kali inayojaza maji usoni, kupandisha sukari na presha na kudhoofisha kinga. Deksamethasoni ukiitumia kwa muda kisha ukaiacha ghafla, unaweza kuzimia na hata kufa. Kama umekuwa ukiitumia, usione haya. Njoo tukusaidie kuiacha polepole.

Mama anayekonda akimeza vidonge hivi, anafunika ugonjwa. Uso unajaa, majirani wanasema amepona, na tezi inaendelea kuuchosha moyo.

MATIBABU

Tezi iliyolegea inatibiwa kwa kidonge cha levothairoksini. Meza asubuhi na maji matupu, tumbo likiwa tupu, ungoje nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Kama una vidonge vya damu vya kliniki au vya kalsiamu, viache mbali kwa saa 4, kwani vinazuia dawa isiingie. Wakati wa Ramadhani usiache dawa na usijibadilishie saa mwenyewe. Mwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Wengi hupangiwa kumeza wakati wa kulala, baada ya tumbo kutulia, au nusu saa kabla ya daku.

Ukiwa unatumia dawa hii na ukapata mimba, nenda kliniki mara moja. Kipimo cha dawa kwa kawaida huongezwa, kwa sababu miezi ya mwanzo mtoto tumboni anategemea thairoksini yako. Na unaweza kunyonyesha bila hofu.

Tezi iliyozidi inatibiwa kwa dawa za kuipunguza, kama kabimazoli. Ukiwa nayo na ukapata homa na kidonda cha koo, usingoje, nenda upimwe damu siku hiyo hiyo. Ukitaka kupata mimba, mwambie daktari kwanza, kwani dawa inaweza kubadilishwa. Wengine hupewa matibabu mengine au upasuaji.

Kipimo cha damu hakipatikani kila zahanati. Ukipewa barua ya kwenda hospitali kubwa kama Coast General, usiiweke mkobani ikachakaa. Najua kuna nauli, kuna foleni ya kivuko, kuna mtoto wa kuachia jirani. Uliza gharama mapema, ujipange, chama kikusaidie. Lakini nenda.

Na dalili hizi ni za haraka, usingoje kesho: uvimbe wa shingo unaokua upesi au unaobana pumzi na kumeza, moyo kukimbia pamoja na homa kali na kuchanganyikiwa, au mgonjwa wa tezi iliyolegea anayesinzia na haamki vizuri.

MAMA YULE

Niliahidi kukuambia habari zake. Barua ya rufaa alikaa nayo wiki 3 kabla ya kupata nauli. Alipopimwa alianza dawa, na daktari alimchagulia kipimo kilichomruhusu kunyonyesha. Mwezi wa pili usingizi ulirudi. Mwezi wa nne alikuja kliniki na mtoto anayetambaa, na lile dera lilikuwa limemkaa. Nikamuuliza, "Usiku unaamka kutafuta mkate?" Akacheka, akasema, "Sista, sasa nalala mpaka adhana."

Akaniomba nimweleze mavyaa yake kwa maneno rahisi, maana bado walikuwa hawasemezani vizuri. Nikamwita yule mama mtu mzima, nikamwonyesha ilipo tezi kwenye shingo yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akaninyooshea shingo yake, "Na mimi hebu nitazame." Nikamtazama. Alikuwa salama.

Kusoma dua si kosa. Soma dua, halafu panda matatu uende hospitali. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Anayekula na kukonda, au asiyekula na kunenepa, aulizie kipimo cha tezi ya shingo, pamoja na sukari, kifua kikuu na virusi vya ukimwi.
2. Simama mbele ya kioo, meza maji funda moja, utazame chini ya koromeo. Uvimbe unaopanda na kushuka upelekwe kliniki.
3. Mtoto mchanga anayelala mno, asiyenyonya na mwenye umanjano usioisha apelekwe hospitali upesi.
4. Mtoto aliyedhoofika na kukataa chakula asilazimishwe. Apelekwe akapimwe mkono na hamu ya kula.
5. Tumia chumvi yenye aidini, kidogo, na iliyofunikwa.
6. Usimeze vidonge vya kunenepa wala vya kukonda vya kununua kichochoroni.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI AU KWENYE CHAMA

– Nyumbani kwetu tunatumia chumvi gani, na tunaiweka wapi?
– Mzazi akikonda baada ya kujifungua, sisi husema nini? Tufanye nini badala yake?
– Nani kati yetu ana barua ya rufaa ambayo bado hajaipeleka?

Hilo swali la mwisho msilipite upesi. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii, na hadi tutakapokutana tena, kaeni salama, nyinyi na watoto.